Mkono wa Kushoto na Kalamu

Neno lenyewe latoa hukumu kabla ya shauri kusikizwa. Mkono wa kulia ni mkono wa kula kwao; lugha imeutwika kazi ya heshima, na mwenziwe umeachiwa kazi za msalani. Watu wa kale wa pwani waliuita wa kwanza mkono wa kuume na wa pili mkono wa kike, kana kwamba mwili wa mtu mmoja nao una mume na mke.

Katika vilima vya Wagusii, pande za Sironga, wazee walishika desturi iliyofanana na hiyo. Ugali wa wimbi uliliwa kwa mkono wa kulia, na mgeni aliamkiwa kwa mkono huohuo. Desturi hii ilikuwa na busara yake, maana watu walikula katika chombo kimoja. Lakini ilihusu chakula na heshima. Kalamu haikuwamo, kwa kuwa wazee hao hawakuwa na kalamu.

Kalamu ililetwa na wamisionari, Wakatoliki wa Nyabururu na Waadventista Wasabato wa Nyanchwa, mwanzoni mwa miaka ya 1910. Walimu wengi wa zama hizo, Ulaya na Afrika pia, waliona kuandika kwa mkono wa kushoto ni utovu wa adabu. Sababu moja ya kweli walikuwa nayo: maandishi ya Kizungu huanza kushoto yakaenda kulia, basi mkono wa kushoto hupita juu ya wino mbichi na kuuchafua ukurasa. Dawa yao ilikuwa fimbo ya vidole. Hivyo adabu ya chakula iliazimwa ikafanywa sheria ya daftari, na mtoto mwenye shoto aliyekuwa mtiifu nyumbani akaitwa mkaidi darasani.

Wala si kweli kwamba mila zote za Kenya ziliudharau mkono huo. Mashariki ya Mlima Kenya, Wameru wa Imenti walikuwa na kiongozi wa ibada aitwaye Mugwe. Padre Mwitaliano Bernardo Bernardi, katika kitabu chake cha mwaka 1959, alieleza kuwa Mugwe alibariki kwa mkono wa kushoto, akaufunika usionekane na watu, na iliaminika kwamba akiuinua tu adui hushindwa. Ole wake mwalimu ambaye angalimchapa huyo!

Mzazi aliyelipa karo katika miaka ya 1940 aliihesabu kwa shilingi zenye kichwa cha Mfalme George VI. Mfalme huyo alizaliwa mwenye shoto, akalazimishwa utotoni kuandika kwa mkono wa kulia. Alikuwa na kigugumizi. Wako waliodhani kulazimishwa huko ndiko kulikomfunga ulimi, ingawa jambo hilo halikuthibitishwa. Hata hivyo, alipocheza tenisi Wimbledon mwaka 1926, alishika kipigio kwa mkono wa kushoto.

Mwaka 2001 serikali ya Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni. Leo mtoto mwenye shoto wa Sironga aweza kuandika somo lake kwa mkono wa kushoto, kisha akarudi nyumbani, akanawa, akamega ugali kwa mkono wa kulia.