Ashok Kumar

Ashok Kumar ni jina la Wahindi kadhaa waliovuma katika fani mbalimbali. Watatu wanaofahamika zaidi ni mwigizaji, mchezaji wa mpira wa magongo na mpigapicha za filamu. Hawana undugu wowote. Kaskazini mwa India, Kumar huongezwa kwenye jina la mtoto wa kiume bila kuonyesha ukoo, na jina la ukoo lenyewe huachwa kwa urahisi. Hivyo mwigizaji wa ukoo wa Ganguly, mchezaji wa ukoo wa Singh na mpigapicha wa ukoo wa Aggarwal wakaja kuwa na jina moja.

Mwigizaji alizaliwa Bhagalpur tarehe 13 Oktoba 1911 akiitwa Kumudlal Ganguly. Alikuwa msaidizi wa maabara katika studio ya Bombay Talkies, wala hakuwa na hamu ya kuigiza. Mwigizaji mkuu wa Jeevan Naiya (1936) alipoondolewa, mwenye studio, Himanshu Rai, alimweka kijana huyo mbele ya kamera. Mwaka huohuo akaonekana na Devika Rani katika Achhut Kannya, kisa cha mapenzi ya kijana wa Kibrahmani na msichana wa tabaka lililotengwa. Katika Kismet (1943) alicheza mwizi, na filamu ikaonyeshwa katika jumba moja la Kolkata kwa zaidi ya miaka mitatu. Alitunukiwa Tuzo ya Dadasaheb Phalke ya mwaka 1988, akafariki Mumbai mwaka 2001. Mchango wake mkubwa kuliko tuzo zote ni uigizaji wa utulivu, wa sauti ya mazungumzo ya nyumbani, uliosaidia kuitoa sinema ya Kihindi katika mikogo ya jukwaani.

Mchezaji, aliyezaliwa mwaka 1950, ni mwana wa Dhyan Chand, aliyetwaa dhahabu tatu za Olimpiki. Kucheza mchezo uleule wa baba wa namna hiyo ni mzigo, naye aliubeba vema. Alikuwamo katika kikosi cha Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, ambako India iliifunga Kenya 2–1 na kushika nafasi ya tatu. Fainali ya kombe hilo ya tarehe 15 Machi 1975, mjini Kuala Lumpur, ndiyo iliyompa jina lake mwenyewe. India na Pakistan zikiwa 1–1, alipiga shuti, mpira ukagonga pembe ya goli na kurudi uwanjani. Wapakistani walipinga kuwa ni bao, lakini mwamuzi akalikubali, na India ikatwaa kombe. India haijatwaa kombe hilo tena upande wa wanaume.

Mpigapicha, Ashok Kumar Aggarwal, alizaliwa Allahabad lakini kazi yake kubwa aliifanya kusini, katika filamu za Kitamil na Kimalayalam. Nenjathai Killathe (1980) ilimpatia Tuzo ya Taifa ya upigaji picha, na mwaka 1984 alipiga picha za My Dear Kuttichathan, filamu ya kwanza ya 3D nchini India. Alifariki mwaka 2014.