Pango si kila jiwe

Tarehe tano ikifika Kangemi au Kawangware, Nairobi, pango halina popo: lina landilodi. Mtaani ni renti tu, ila redio na magazeti hushikilia kodi ya pango, kutokana na kupanga nyumba. Pango la mlimani ni neno jingine lenye sura ileile, na hilo ndilo linalonikera leo.

Watu wa kale wakitajwa tu, tunaandika “michoro ya mapangoni”, kana kwamba sote tuko ndani ya pango la Lascaux, Ufaransa. Kule Kondoa, Tanzania, eneo lililoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, michoro mingi iko chini ya miamba iliyochomoza kama kibaraza: mwanga upo, mvua haifiki. Kuna twiga, pofu, na watu wembamba wenye nywele zilizotuna, wengi kwa nyekundu ya ngeu. Mary Leakey, mwanaakiolojia aliyekuwa na nyumba hapa Lang'ata, aliinakili mwaka 1951 kwa kuweka karatasi angavu juu ya jiwe na kufuata mstari kwa mstari. Akapata nakala takriban 1,600. Kakapel, Busia, nako ni mwamba ulioinama, ng'ombe wakiwa wamechorwa juu ya maumbo ya zamani zaidi.

Kwa hiyo andika michoro ya miambani. Mhariri atadai msomaji hataelewa; ataelewa, mwamba anaujua. Pango liachie kwenye giza la kuhitaji tochi, mfano Kitum, Mlima Elgon, ambako ndovu huingia usiku kukwangua chumvi.