Jogoo au Mtetea? Ulizia Rangi

Leo tuache kompyuta kidogo.

Mwaka jana nilimpelekea mama vifaranga 40 wa kienyeji kule Kibwezi, apate mayai ya kuuza. Muuzaji aliniapia kwamba wengi ni majike. Baada ya miezi michache karibu nusu wanawika, na chakula washakula! Ndipo nikaanza kusoma.

Kumbe jambo hili lina historia. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza (1914-1918) chakula cha kuku kiliadimika Uingereza. Reginald Punnett, mtaalamu wa urithi wa Cambridge, akapendekeza majogoo watambuliwe kwa rangi mara tu wanapoanguliwa.

Ujanja wenyewe mwanaprogramu ataupenda. Jogoo ana kromosomu Z mbili. Jike ana moja tu, nayo huwapa watoto wa kiume peke yao. Basi pandisha jogoo mwekundu na jike mwenye jeni ya rangi ya fedha. Binti hupata Z ya baba tu, anatoka kahawia. Wa kiume hupata na fedha ya mama, anatoka manjano hafifu. Biti moja, basi!

ISA Brown hutenganishwa hivyo hadi leo. Ila ukiwazalisha chotara hao wao kwa wao, alama inavurugika. Kufikia 1930 Punnett na Michael Pease walikuwa wametoa Cambar, aina inayohifadhi tofauti hiyo kizazi hadi kizazi.

Wale wa mama? Wamechanganyika tangu enzi za mababu, rangi haisemi kitu. Majogoo tuliwauza Krismasi.