Daktari, Zimebaki Siku Ngapi?

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba siku ya mtu aijuaye ni Mungu peke yake. Ndiyo maana mgonjwa wetu akizidiwa, tunaona vibaya kumwuliza daktari amebakiwa na muda gani, kama kwamba tunamchimbia kaburi angali hai. Hata hivyo, katika saratani ya mapafu swali hilo ndilo linaloamua tiba, na jiji hili la London tunamoishi limo katika historia yake.

Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha uchunguzi uliofanywa katika hospitali 20 za London, wakaonyesha uhusiano mkubwa kati ya sigara na ugonjwa huu. Chanzo kilijulikana, lakini tiba ikabaki ngumu. Wagonjwa wengi walifika hospitali wakati upasuaji hauwezekani tena. Walichoweza kupewa ni mionzi ya kupunguza kikohozi, maumivu na kutema damu.

Mionzi nayo ilitaka safari za hospitali, siku baada ya siku, wiki baada ya wiki. Je, mtu mwenye miezi michache atumie wiki zake njiani? Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lililipima jambo hilo. Majaribio ya mwaka 1991 yalionyesha kwamba dozi mbili kubwa zilizoachana wiki moja zilituliza dalili sawa na mfululizo mrefu. Mwaka 1992 ikaonekana kwamba kwa walio dhaifu hata dozi moja yatosha. Lakini mwaka 1996, katika wagonjwa 509 waliokuwa bado na nguvu, nusu ya waliopewa dozi 13 waliishi zaidi ya miezi 9. Kwa dozi mbili ilikuwa miezi 7. Basi aliye na nguvu hufaidika na tiba ndefu, na aliye dhaifu huibiwa siku nayo.

Nani wa kumtambua huyu na yule? Tangu mwaka 1948 madaktari wana kipimo cha Karnofsky, cha alama 0 hadi 100, kinachotazama mtu anajimudu kiasi gani. Kilitolewa New York katika ripoti kuhusu dawa za saratani, hasa ya mapafu. Jicho la daktari peke yake hupotoka. Utafiti wa Chicago wa mwaka 2000 ulikuta kwamba ni utabiri mmoja tu katika mitano uliokuwa sahihi, na mingi ilizidisha siku. Na kadiri daktari alivyomzoea mgonjwa, ndivyo alivyozidi kukosea. Mwaka 2011 watafiti wa St George's hapa London, waliofuatilia wagonjwa zaidi ya 1,000, walitoa kipimo kinachounganisha mapigo ya moyo, hamu ya kula, damu na mengineyo. Kilimshinda daktari au muuguzi mmoja mmoja, lakini hakikuwashinda wawili hao wakishauriana.

Kuambiwa siku ni chache si kuambiwa hakuna tiba. Hilo alilithibitisha Cicely Saunders alipofungua St Christopher's huko Sydenham mwaka 1967, mahali pa kutuliza maumivu ya mwili na ya moyo pamoja. Mbegu hiyo imeota kwetu pia: Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990 na Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Na mwaka 2010 utafiti wa Boston ulionyesha kwamba wagonjwa wa saratani ya mapafu waliopata tiba shufaa mapema waliishi miezi 11.6 kwa wastani wa kati, na wenzao 8.9.

Dawa mpya zimerefusha maisha ya baadhi ya wagonjwa, kwa hiyo hesabu za zamani haziwatoshi wote. Lakini swali ni lile lile, na kwetu wa ughaibuni lina uzito wa pekee: anayetaka kufia Lamu au Tanga lazima apande ndege angali anaweza kukaa kitini. Mtoto anayemtafsiria mzazi wake mara nyingi humeza neno zito, na wakati hupita. Hospitali za umma hapa hutoa mkalimani bila malipo. Tumwombe, tuulize mapema, na mgonjwa mwenyewe aamue siku zake azitumie wapi na kwa nani.