Waliokwenda Shaba Wasirudi: Nasaba ya Wayeke Kutoka Unyamwezi Hadi Katanga

Treni inayotoka Tabora ikifika Kaliua, reli hugawanyika. Njia moja inaendelea magharibi hadi Kigoma, nyingine inageuka kusini kuelekea Mpanda. Tawi hilo la Mpanda lilifunguliwa mwaka 1950, lakini wasafiri wa upande huo walikuwapo zamani. Karibu miaka mia moja kabla ya reli, vijana wa Unyamwezi na Usumbwa walikuwa wakielekea kusini magharibi kwa miguu, mizigo mabegani, kwenda kununua shaba ya Katanga. Wengi walirudi. Wachache walibaki, wakaoa, wakatawala, wakazikwa hukohuko. Wajukuu wao wako Bunkeya, kaskazini mwa Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wanaitwa Wayeke.

Hawa ni ndugu zetu sisi wa Kaliua, na wao wanalijua hilo kuliko sisi. Hapa nyumbani ni wachache wanaoweza kutaja hata jina moja la ukoo ulioondoka, ilhali Bunkeya bado wanasimulia walikotoka.

Habari inaanza na mfanyabiashara Msumbwa aliyeitwa Kalasa. Enzi zile shaba ya Katanga ilikuwa mali kubwa. Mafundi wa kule waliiyeyusha na kuimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba, nayo ikasafiri nchi kwa nchi hadi ikawa bangili na nyaya za kuvaa mikononi na miguuni. Kalasa alikuwa mmoja wa waliofuata mali hiyo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na huko akajenga urafiki na wenyeji. Katikati ya miaka ya 1850, mwanawe Ngelengwa aliishika njia ya baba yake. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Msiri.

Ngelengwa hakuwa na jeshi. Alikuwa na wafuasi wachache na bunduki, na bunduki ilikuwa ngeni katika nchi ile. Wayeke husimulia kwamba aliwasaidia watemi wa Kisanga dhidi ya mashambulizi ya Waluba, na heshima aliyoipata ikamfungulia mlango wa utawala. Mgeni aliyepewa mahali pa kulala akawa mwenye nyumba. Kufikia miaka ya 1880 alikuwa mfalme, Mwami, wa nchi pana iliyokaa katikati ya njia mbili za biashara. Mashariki misafara ilipita Tabora hadi Bagamoyo, na magharibi ilikwenda hadi Benguela katika pwani ya Angola. Pembe za ndovu, shaba, chumvi na, kwa masikitiko, watumwa walitoka. Bunduki, baruti na nguo ziliingia. Tukiitaja nasaba hii kwa fahari, tuwakumbuke pia wale waliouzwa ili dola hilo lisimame.

Wakati huohuo, hapa kwetu, Mirambo mwana wa Kasanda wa Uyowa alikuwa akijenga dola lake juu ya njia ya misafara. Uyowa na Ulyankulu ni sehemu ya Wilaya ya Kaliua ya leo. Mirambo na Msiri walikuwa watu wa kizazi kimoja na maarifa mamoja: anayeshika njia na bunduki, ndiye anayeshika nchi. Mirambo aliyatumia maarifa hayo nyumbani hadi alipofariki mwaka 1884. Msiri aliyabeba akaenda nayo ugenini. Mmoja tumempa mitaa na shule. Mwingine tumewaachia Wakongo.

Ushahidi wa undugu huu umo katika majina. Ufalme wa Msiri uliitwa Garenganze. Galaganza ni jina la zamani la Wanyamwezi wa upande wa magharibi, ndio upande wetu huu. Waliohama walilichukua jina la kwao wakalivisha nchi mpya. Jina Wayeke nalo linatokana na Bayege, chama cha wawindaji wa tembo wa huku Unyamwezi. Hata ufundi ulihama pamoja na watu, kwani mafundi wa Kiyeke wanakumbukwa Katanga kwa kuvuta shaba hadi ikawa uzi mwembamba wa kusokotea bangili.

Februari 1886, mzungu mmoja kijana alifika Bunkeya akitokea upande wa Angola. Aliitwa Frederick Stanley Arnot, mmisionari mzaliwa wa Glasgow, Uskoti. Msiri alimpokea na kumruhusu kukaa. Miaka mitano baadaye alikuja mgeni wa namna nyingine. Kapteni William Grant Stairs, mzaliwa wa Halifax nchini Kanada, alitumwa na Kampuni ya Katanga kwa maslahi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Aliondoka Bagamoyo Julai 1891 na msafara wa mamia ya watu, akapita Tabora, akashuka hadi Karema, akavuka ziwa. Yaani aliyekwenda kumwangusha mtoto wa Unyamwezi alipita kwanza nyumbani kwao.

Msiri alikataa kuipokea bendera ya Leopold. Tarehe 20 Desemba 1891, ofisa Mbelgiji katika msafara huo, Omer Bodson, alimpiga risasi akamuua. Bodson naye alipigwa risasi papo hapo, akafa. Kichwa cha Mwami kilikatwa. Stairs mwenyewe hakuiona tena Halifax. Homa ilimuua Juni 1892 huko Chinde, kwenye mlango wa Mto Zambezi, akiwa na umri wa miaka 28.

Watu wa kwao Stairs nao wana habari ya kuhama. Halifax ni mji wa Nova Scotia, jina lenye maana ya Uskoti Mpya. Mwaka 1773 meli iitwayo Hector iliondoka Loch Broom, Uskoti, ikiwa na familia za wahamiaji, ikatia nanga Pictou, mwendo wa siku chache kwa miguu kutoka Halifax. Majina ya abiria wake yamehifadhiwa. Leo Mkanada anayetaka kujua babu yake alitoka bonde gani hufungua orodha ya meli, daftari la ubatizo la kanisa na hati ya shamba, akarudi nyuma kizazi baada ya kizazi. Waskoti nao waliita nchi mpya kwa jina la nchi ya zamani, kama Wayeke walivyofanya na Galaganza. Hamu ya kwao ni ileile. Tofauti ni kwamba Kalasa na mwanawe hawakuandikwa na karani yeyote walipoondoka.

Wayeke walilijaza pengo hilo kwa ulimi, kisha kwa kalamu. Mukanda Bantu, aliyemrithi baba yake Msiri, aliacha kumbukumbu zilizoandikwa. Mjukuu wa Msiri, Antoine Munongo, aliyetawala kwa jina la Mwenda wa Tano, alikusanya historia ya watu wake, na mwaka 1967 ikachapishwa kuwa kitabu. Ndugu yake Godefroid Munongo alikuwa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga ilipojitenga mwaka 1960, sura nzito ya siasa za Kongo iliyofungamana na kifo cha Patrice Lumumba. Baadaye naye alikalia kiti cha Bunkeya kama Mwenda wa Sita hadi alipofariki mwaka 1992. Ukoo huo bado unatawala, na kila tarehe 20 Desemba Wayeke hukusanyika kumkumbuka Msiri. Wengi wao sasa wanasema Kisanga na Kiswahili zaidi ya Kiyeke, lakini nasaba haijakatika.

Sisi wa Kaliua tuna sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Wilaya yetu imetoa wahamaji, na imepokea pia. Makazi ya Ulyankulu yalifunguliwa mwaka 1972 kwa Warundi waliokimbia mauaji kwao. Miaka zaidi ya 40 baadaye, watu zaidi ya 160,000 wa Ulyankulu na makazi mengine ya Katumba na Mishamo walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania. Watoto wao wanalima tumbaku na kufuga nyuki pamoja na wetu, nao siku moja watauliza babu alitoka kilima gani. Swali lao na swali la mtoto wa Bunkeya ni moja.

Wazee wanaoweza kujibu wanapungua. Kila shule ya wilaya hii inaweza kumpa mwanafunzi daftari moja na kazi moja ya likizo: keti na babu au bibi, andika ukoo wake, kijiji alichozaliwa baba yake, na jina la yeyote katika ukoo aliyeondoka na mzigo begani asionekane tena. Daftari la namna hiyo lingekuwapo miaka ya 1850, jina la Kalasa lingeanzia huku kwetu. Sasa inatubidi kwenda kuliuliza Bunkeya.