Sufuria ya Shule, Kutoka Misheni hadi Elimu Bila Ada

Mwaka 1906 Bunge la Uingereza liliziruhusu halmashauri kuwalisha watoto wenye njaa shuleni. Wakati huohuo, Ungoni, jirani ya Umatengo katika mkoa wa leo wa Ruvuma, ilikuwa katikati ya Vita vya Majimaji, na askari wa Kijerumani walikuwa wakiteketeza mashamba na maghala. Huko, dola ililijua tumbo la mtoto kama silaha tu.

Shule zililetwa na misheni. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, kisha wakaingia milima ya Umatengo; Waanglikana wa misheni ya UMCA, wenye makao katika kisiwa cha Likoma tangu 1885, waliweka kituo Liuli, mwambao wa Ziwa Nyasa. Mwanafunzi wa bweni alikula misheni, mara nyingi chakula alichokilima mwenyewe. Wa kutwa alirudi kwao. Mpaka huo umezishinda umri tawala zote zilizofuata.

Uhuru haukuufuta. Sera ya Elimu ya Kujitegemea, 1967, ilitukuza shamba la shule. Mwaka 1977 mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ukajaza madarasa kuliko shamba lolote lingeweza kulisha. Tangu mwaka 2000 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipeleka uji na makande katika shule za mikoa kame, kama Dodoma na Singida. Ruvuma ni mkoa wa mahindi, nani angeuona una njaa? Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 35.6 ya watoto wake wa chini ya miaka mitano wamedumaa.

Elimu bila ada ilianza Januari 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafika cha sita. Serikali ikabeba chakula cha bweni. Cha kutwa kikabaki kwa wazazi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kazi iliposimama nusu, maana shule za msingi karibu zote ni za kutwa.

Kwa hiyo katika wilaya za Mbinga, huko Umatengo, na Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, sufuria hufuata msimu. Baada ya mavuno, mzazi wa milimani hupima mahindi na maharage. Wa ziwani, anayeishi kwa muhogo na dagaa, hutakiwa mchango uleule. Kufika Februari ghala la nyumbani limepungua, na kamati ya shule hubaki na swali gumu la kikao cha wazazi: mtoto wa asiyechangia ale au asile?