Bei Baada ya Malipo: Haki ya Mnunuzi wa Burat

Mfugaji wa Burat, katika kaunti ya Isiolo, anayenunua nyasi kavu wakati wa ukame aghalabu hanunui kwa kuona. Nyasi zimo ghalani mwa mwuzaji, pengine upande wa Meru au Laikipia, mifugo imo mbugani, na kinachowakutanisha watu hawa wawili ni simu: kwa simu hutajwa bei, kwa simu hukubaliwa idadi ya marobota, na fedha hupelekwa kwa M-Pesa, ambayo tangu ilipoanzishwa mwaka 2007 imekuwa mfuko wa tajiri na wa maskini. Siku mbili tatu hupita, lori halijaonekana, kisha mwuzaji hupiga simu kuarifu kwamba nyasi zimepanda, na kwamba asipoongezewa hatapakia. Mwenye mifugo, ambaye fedha zake zimekwisha kutoka na ambaye ng'ombe wake hawana subira ya kungoja mashauri, huongeza. Katika ukame ule wa tangu mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo, nyongeza za namna hii zilihesabiwa na watu kuwa ni sehemu ya msiba wenyewe, kama vumbi na jua. Mimi nasema kwamba ukame una dhambi zake, lakini hii si mojawapo. Hii ni dhuluma ya mtu kwa mtu, na sheria inayo dawa yake.

Yatupasa kwanza kupambanua malipo na arbuni. Mwenye kutoa arbuni ametoa sehemu ya thamani ili kuonyesha nia yake, na mengi bado yaweza kuwa mlango wazi baina yao. Lakini mwenye kutoa thamani yote, kwa idadi iliyotajwa na bei iliyotajwa, ametimiza upande wake wa akidi, wala halikubaki kwake ila kupokea. Fauka ya hayo, ikiwa marobota yalikwisha kuhesabiwa na kutengwa kwa ridhaa ya wote wawili, milki yake imehama, na mwuzaji anayeyazuia kwa kutaka nyongeza anamwuzia mtu mali yake mwenyewe mara ya pili.

Wengi hudhani kwamba uadilifu umekamilika mwuzaji akisema, "Basi chukua fedha zako," madhali kila mmoja amerejea alipokuwa. Natuhesabu. Tuseme mtu amelipia marobota 100 kwa shilingi 300 kila moja, jumla shilingi 30,000, na siku ya kupakia soko linasema 400. Fedha zile, ambazo juma lililopita zilikuwa marobota 100, leo ni marobota 75. Mnunuzi aliyerudishiwa 30,000 amepoteza marobota 25, na katika muda ule fedha zake zilimfanyia kazi mtu mwingine. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, ambayo Kenya iliirithi kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, ililitambua hilo: mwuzaji akikataa kukabidhi bidhaa zipatikanazo sokoni, fidia ya mnunuzi kwa kawaida hupimwa kwa tofauti baina ya bei waliyoafikiana na bei ya soko siku ambayo bidhaa zilipasa kukabidhiwa. Maana yake ni kwamba mfugaji wetu anastahili 30,000 zake na 10,000 juu yake. Zile 10,000 ambazo mwuzaji anazidai kwa sauti kubwa ndizo hasa anazodaiwa.

Mwuzaji naye ana hoja, na si haki kuipuuza: mafuta ya lori yamepanda, mkulima aliyemtegemea amebadilisha neno, naye hawezi kuuza kwa hasara. Lakini aliyekwisha kupokea thamani yote amepewa uwezo wa kununua siku ile ile kwa bei ya siku ile. Kama aliziweka fedha akangoja, au akazitia katika biashara nyingine, hatari ya kungoja ni yake. Tena aulizwe: lau mvua ingenyesha Jumatano na nyasi zikashuka hadi 200, je, angempigia simu mnunuzi kumrudishia 10,000? Mtu anayejiwekea faida ya kupanda bila kukubali hasara ya kushuka hakufanya muamala. Ameshika rehani shida ya mwenziwe. Mafakihi waliliona jambo hili zamani katika bei ya salamu, ambayo mnunuzi hulipa leo na kupokea baadaye: Mtume alipowakuta watu wa Madina wakilipia tende kabla ya mavuno hakuwakataza, bali aliwaamuru kipimo kijulikane, uzito ujulikane, na muda ujulikane. Walakini haifai kuhitilafiana kwa kuchanganya jambo hili na serikali kupanga bei. Kenya ilizidhibiti bei kwa miaka mingi, ikaacha, kisha mwaka 2011 ikajitungia tena sheria ya kudhibiti bei za bidhaa za lazima. Hayo ni mabishano mengine. Anayedai robota lake kwa 300 hataki soko lifungwe, anataka neno litimizwe.

Kwa upande wa maandiko ya dola hatuna upungufu. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazomwezesha kunufaika, haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya fidia. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inasema kwamba hata pale bei ilipotolewa kuwa ni makadirio tu, mwuzaji hana ruhusa ya kudai zaidi ya makadirio yale kwa kupita asilimia 10. Na ikiwa makadirio yamewekewa mpaka, sembuse bei iliyokatwa na kulipwa! Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na haibanwi na kanuni kali za ushahidi.

Kinachotuangusha Burat ni ushahidi wenyewe. Ujumbe wa M-Pesa ni stakabadhi ya ajabu: unataja kiasi, jina la aliyepokea, siku, na saa kwa dakika, hata hakuna mwuzaji awezaye kukana kwamba alipokea. Lakini juu ya mapatano uko kimya kabisa. Hausemi nyasi wala mabati, hausemi 100 wala 75, hausemi 300 wala 400; na katika kimya hicho mwuzaji mwenye hila hupenya, akasema kwamba zile 30,000 zilikuwa arbuni, au zilikuwa za marobota 75 tangu awali. Wazee wetu walipouza ngamia au fahali walifanya hivyo mbele ya watu, na neno likabaki na mashahidi. Simu imeondoa mashahidi, ikaweka mahali pao karatasi iliyoandikwa nusu. Ndiyo maana mtu mwenye haki iliyo dhahiri shahiri hufika kwa wazee au kwa hakimu wa Isiolo akiwa na kiapo tu mkononi.

Nusu ya pili ya karatasi hiyo anaweza kuiandika mnunuzi mwenyewe, kwa ujumbe mmoja autumao kabla ya kupeleka fedha: marobota 100 ya nyasi, kila moja shilingi 300, jumla 30,000 pamoja na usafiri, yafike Burat Jumamosi. Asiyejua kuandika aandikiwe na mwanawe. Kisha angoje, na namba yake ya siri asiibonyeze mpaka mwuzaji ajibu, kwa maandishi, kwamba amekubali.